Nani Alisema Maziwa Hayatoshi?

Nyumbani kwa nyanya, Majengo, Mombasa, kuna kopo moja la kupimia mchele. Ukingo wake umeliwa na kutu, na kwa nje limepakwa rangi ya mafuta mara mbili, kwanza kijani kisha buluu, hata huwezi kujua zamani lilikuwa limeandikwa nini. Tangu nipate akili naliona ndani ya ndoo ya mchele. Makopo mawili kwa watu wanne, matatu wageni wakija. Ukipima kwa kikombe unagombezwa. Sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. Kopo ni kopo tu, na nyumba zetu zimejaa makopo.

Nilikuja kujua habari zake mwaka 2023, siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Mtoto alilia tangu magharibi hadi saa saba za usiku. Ananyonya dakika tano, anaachia, analia, anataka tena. Maziwa yangu yalikuwa bado dang'a, yale mazito ya manjano, matone ya kuhesabika, na mimi nikalia kumshinda yeye. Asubuhi jirani mmoja, mtu mwema kabisa, nasema kweli, akaja na kopo jipya la maziwa ya unga pamoja na lile neno ambalo nadhani kila mzazi wa mji huu amelisikia: "Mwanangu, maziwa yako hayatoshi. Msaidie mtoto."

Nyanya alikuwa amehamia chumbani kwangu kwa ajili ya arobaini, kunikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Alilipokea lile kopo kwa mikono miwili, akashukuru, akalitoa nje. Si jikoni, si kabatini. Barazani, kando ya viatu. Jirani alipoondoka akarudi, akaketi kitandani, akasema, "Hilo halilali chumba kimoja na mtoto huyu."

"Kwa nini, nyanya?"

"La kwanza ninalo bado. Napimia mchele."

Ndivyo nilivyopata habari za mjomba wangu. Mamangu alikuwa akijua tu kwamba kabla yake alizaliwa mtoto wa kiume, akafa kwa kuhara. Basi. Watoto wengi walikufa kwa kuhara na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mjomba alizaliwa mwaka 1973. Nyanya alikuwa na miaka 21, mumewe kibarua wa bandarini Kilindini, na kujifungulia hospitali lilikuwa jambo la kujivunia, mtu unalisimulia. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kampuni nayo sitaitaja, maana karatasi ya kopo ilibanduka zamani, kampuni zilikuwa kadhaa, na anachokumbuka nyanya ni picha ya mtoto mnene anayecheka. Anasema mtoto alichukuliwa akalazwa chumba kingine, akawa analetwa kwa saa. Akilia kabla ya saa, alipewa chupa hukohuko. Siku ya kutoka akaja mwanamke aliyevaa nguo nyeupe na viatu vyeupe kama nesi, akampa kopo moja bure na chupa moja bure, akamwonyesha jinsi ya kukoroga. Nyanya alidhani ni dawa. "Kitu cha bure kutoka kwa watu wa hospitali, utakikataaje?"

Kopo moja halimalizi mwezi. Na hapa ndipo hesabu ilipopinda. Titi si mtungi, ukaujaza na ukaumaliza. Ni kama kisima: kadiri unavyochota ndivyo maji yanavyokuja, na usipochota kinakauka. Mtoto aliyeshiba chupa hachoti. Kufikia kopo la bure linakwisha, maziwa ya nyanya yalikuwa yamepungua kweli, na lile neno "hayatoshi", ambalo siku ya kwanza lilikuwa uongo, sasa limekuwa kweli. Ikabidi kununua. Mshahara wa kibarua unaujua. Nyanya akaanza kuongeza maji: vijiko viwili mahali pa vinne, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji ya bomba la mtaa, stovu moja ya mafuta ya taa kwa kupikia kila kitu, chupa moja. Mtoto alikonda huku ananyonya. Miezi saba.

Msibani wanawake walisema nyanya ana titi bovu. Hakuwachukia, yeye mwenyewe aliamini. Mamangu alipozaliwa mwaka 1975, nyanya alikwenda kujifungulia kwa mkunga jirani, akamnyonyesha miaka miwili, na baada yake wanne wengine, wote wazima. Lakini nilipomwuliza, kwa hiyo titi lilipona? akasema, "Mungu alinisamehe." Miaka hamsini anadhani alisamehewa kosa lake.

Neno hilo lilinikaa kooni. Nikaanza kusoma usiku, simu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, kwani usingizi sikuwa nao hata hivyo. Nilitaka kujua ile saa ya wodini ilitoka wapi, na yule mwanamke mweupe wa viatu vyeupe alitumwa na nani.

Ile saa ina ukoo mrefu, lakini mmoja wa mababu zake wakubwa ni daktari wa New Zealand, Truby King. Alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, akawa anafanya majaribio ya kulisha ndama wa shamba la hospitali, kisha akahamia watoto wa watu. Mwaka 1907 alianzisha mjini Dunedin chama cha Plunket cha kuwafunza mama. Ajabu ni kwamba aliyapenda sana maziwa ya mama na kuyasifu. Ila alitaka yatolewe kwa ratiba: kila baada ya saa nne, na usiku mtoto asinyonye, alale ajifunze nidhamu. Fikra za namna hiyo zilifika Uingereza, na kutoka huko zikasafiri na manesi na vitabu hadi makoloni. Mtoto mchanga hajui saa nne. Tumbo lake dogo, maziwa ya mama huyeyuka upesi, na jioni hutaka kunyonya mfululizo kama mtu anayeweka akiba. Ukimfungia saa nne unakifunga kisima. Kwa hiyo madaktari walioyasifu maziwa ya mama waliyakausha kwa saa, na wenye makopo wakakuta njia imeshafyekwa.

Sisemi kwamba sisi tulikuwa malaika. Huku kwetu pia wapo waliozoea kukamua dang'a na kumwaga wakidhani ni usaha au uchafu, na mtoto akapewa maji ya sukari mahali pake. Mambo ya kubemenda nitayaacha, yanahitaji makala yake. Lakini bibi aliyemwaga dang'a siku ya kwanza, siku ya pili alimweka mtoto kifuani akamwacha hapo. Hakumtoza pesa.

Mwanamke wa viatu vyeupe nilimkuta Singapore, na hapo nilishangaa, maana ni miaka zaidi ya thelathini kabla ya nyanya kumwona. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa amefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Ndiye aliyewaeleza madaktari wa dunia ugonjwa wa kwashakoo na kuutaja kwa jina lake la Kiga, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yaani anapoondolewa ziwani. Alipohamishiwa Malaya mwaka 1936 alikuta kampuni zikiwatumia wanawake waliovaa kama manesi kuwashawishi wazazi waache kunyonyesha, wawape watoto maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari. Mwaka 1939 alialikwa kuhutubia klabu ya Rotary ya Singapore, watu wa tai na chakula cha mchana. Hotuba yake aliipa jina la "Maziwa na Mauaji". Aliwaambia kwamba vifo vinavyoletwa na matangazo kama hayo vihesabiwe kuwa ni mauaji. Nadhani chakula kilipoa siku hiyo.

Kwa hiyo 1939 ilishasemwa, tena mbele ya wafanyabiashara wenyewe. Mjomba alizaliwa 1973.

Mwaka huohuo, Agosti, gazeti la New Internationalist la Uingereza lilichapa mahojiano na madaktari wawili waliofanya kazi Afrika, wakieleza yaleyale: kopo ghali, maji machafu, maziwa yaliyotiwa maji mno. Machi 1974 shirika la War on Want likatoa kijitabu cha Mike Muller ambacho jina lake lilimaanisha muuaji wa watoto. Profesa Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha Makerere, Kampala, alikuwa amekwisha kuutungia ugonjwa huu jina la kitaalamu, utapiamlo unaozalishwa na biashara. Unaona basi, ndugu msomaji: wakati nyanya anahesabu vijiko Majengo, watu walikuwa wanajua. Ila habari haikushuka ngazi kufika kwake. Kopo lilifika.

Huko Bern, Uswisi, kikundi cha vijana kilikitafsiri kijitabu cha Muller kwa Kijerumani, na wao hawakuzunguka mbuyu: waliandika kwenye jalada kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashitaki kwa kuchafua jina. Kesi ilikwenda hadi 1976. Hakimu aliona kwamba kichwa kile kimepita kiasi, maana kuua ni kukusudia, akawatoza vijana 13 faini ya faranga 300 kila mmoja. Lakini papo hapo akaiambia kampuni iitazame upya namna yake ya kutangaza. Kampuni ilishinda kesi ikashindwa habari, kwani dunia nzima sasa ilikuwa imesikia.

Kisha kuna filamu. Mwaka 1975 Mjerumani Peter Krieg alitengeneza filamu fupi juu ya watoto wa chupa, na mahali alipokwenda kuipiga ni hapa Kenya. Filamu hiyo ilionyeshwa makanisani Marekani, na mwaka 1977 mjini Minneapolis kikaanza kikundi kilichowaomba watu wasinunue bidhaa za Nestlé. Akina mama wa Marekani wakaacha kahawa na chokoleti kwa sababu ya wazazi wa huku ambao hawakuwajua. Nimejaribu kuwaza kama mpiga picha angekuja mwaka mmoja kabla na kushuka Mombasa. Tungekuwa na picha ya mjomba. Hatuna hata moja.

Mwisho wa mvutano huo ulikuwa Geneva, tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha kanuni za kuuza maziwa ya badala: kusiwe na matangazo kwa umma, kusiwe na makopo ya bure kwa wazazi, kampuni zisitume watu wao kwa wazazi, picha za watoto wanene zisiwekwe kwenye makopo. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura upande wowote, na moja ilikataa. Hiyo moja ni Marekani. Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 1983, lakini za hiari. Sheria yenye meno ilikuja 2012, karibu miaka thelathini baadaye. Meno yenyewe yauma pole pole. Siku hizi mwanamke wa viatu vyeupe haji wodini, anakuja kwenye simu, ana wafuasi, anakuita "mama shujaa".

Katikati ya hayo kulikuwa na UKIMWI, na hapa lazima niseme taratibu, kwani kopo si sumu na sitaki msomaji adhani nasema hivyo. Mwaka 1985 ilijulikana kwamba virusi vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama. Wakunga waliokuwa wamefundishwa kusema "nyonyesha" wakaambiwa waseme "usinyonyeshe" kwa baadhi ya wazazi, na mtaani mama mwenye chupa akaanza kutazamwa kwa jicho. Utafiti uliofanyika Nairobi, matokeo yakatolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba maziwa ya kopo yalipunguza maambukizi kwa karibu nusu, tena kwa mama waliokuwa na maji safi na mafunzo. Lakini kufikia miaka miwili idadi ya watoto waliokufa katika makundi yale mawili ilikaribiana. Walichookoka upande mmoja kiliwapata upande wa pili. Watafiti wa Durban walikuwa wameona mwaka 1999 kwamba wanaonyonya ziwa peke yake waliambukizwa kidogo kuliko wanaochanganyiwa ziwa na vitu vingine. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayetumia dawa za ARV sawasawa anaweza kunyonyesha, na dawa hizo hupunguza sana hatari. Na wapo wasioweza kabisa: mama aliyefariki, mama mgonjwa, mama ambaye maziwa kweli hayakuja. Hao kopo ni lao, kwa haki yao. Ugomvi wangu ni na neno "hayatoshi" linaposemwa siku ya tatu.

Sasa nikwambie kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mwaka 1948, huko Marekani, Niles Newton na mumewe Michael, daktari, walichapisha jaribio walilolifanya kwa Niles mwenyewe, ambaye alikuwa ananyonyesha. Wakati mtoto ananyonya, mumewe alimsumbua makusudi: miguu kwenye maji ya barafu, kumvuta vidole vya miguu, kumpigia hesabu za kujibu upesi. Maziwa aliyopata mtoto yakapungua sana. Alipochomwa sindano ya homoni ya oksitosini, ile ambayo mwili huitoa wenyewe ukitulia, yakarudi karibu na kawaida, ingawa usumbufu ulikuwa uleule. Maziwa yalikuwemo. Hayakushuka tu, kwa sababu mwenyewe hakuwa na raha.

Nilipomsomea nyanya hiyo alisonya. "Wazungu! Mpaka wamtie mtu barafu?" Kwao mzazi hapewi habari mbaya, haulizwi madeni, hagombezwi, na anayeingia chumbani anaingia na neno jema. Mimi nilikuwa nikiona ni adabu tu.

Mwaka 1956, mama saba wa Franklin Park karibu na Chicago walianza kukutana sebuleni kufundishana kunyonyesha, wakati ambapo chupa ndiyo ilikuwa ustaarabu kwao. Chama chao walikiita La Leche League, kwa Kihispania, kwa sababu wakati ule neno "titi" halikuweza kuchapwa gazetini. Nikacheka. Sisi neno tunalo, tena la heshima, ziwa, mtu hulisema mbele ya mavyaa. Walichokivumbua wale saba, mama aliyekwisha kunyonyesha akae na asiyejua, ndicho alichokuwa akikifanya nyanya kitandani kwangu bila kuandikisha chama.

Usiku ule wa tatu aliniambia nimgeuze mtoto tumbo lake ligusane na langu, nisimpelekee titi bali nimlete yeye, na ashike weusi wote na si chuchu peke yake. Maumivu yakapungua. Siku ya tano maziwa yakashuka, nikalowa mpaka kanga. Kliniki nesi alinipa alama ambazo nazimpa mwenzangu yeyote: kuanzia siku ya tano hesabu nepi zilizolowa, zikiwa sita au zaidi kwa siku anapata; uzito hushuka siku za kwanza, usitishike, hurudi kufikia wiki mbili. Asiyelowesha nepi, au asiyeamka kunyonya, mkimbize hospitali, usingoje nyanya wala jirani. Wangu alizaliwa kilo 3.1, siku ya saba alikuwa 2.9, siku ya kumi na nne 3.2. Nimeuhifadhi ule ukurasa wa kitabu cha kliniki kuliko cheti changu cha shule.

Na sikuwa peke yangu. Mwaka 2003, kati ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita, asilimia 13 tu ndio waliokuwa wakinyonya ziwa bila kuongezewa kitu. Mwaka 2014 ilikuwa 61, na 2022 ikawa 60. Watu walifunzwa vingine, nao wakaweza.

Arobaini ilipoisha nilimrudisha nyanya Majengo. Nilikuwa nimeogopa kumwambia mengine yote, kwani sikujua kama kumwambia mtu alidanganywa miaka hamsini iliyopita ni kumtua mzigo au kumwongezea. Mtoto analala mapajani mwake. Nikamweleza tu: Singapore, Bern, filamu, ile saa ya wodini, kopo la bure na kisima kisichochotwa. Nikamwambia titi lake halikuwa bovu.

Alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Kwani walikuwa wengi?"

"Wengi, nyanya. Dunia nzima."

"Wengi," akasema. Akamfunika mtoto miguu. "Na wale waliotozwa faini ni wale wenye makopo?"

"La. Wale vijana walioandika."

Hapo akacheka, kicheko chake kile cha kujipiga paja, mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia. Akanipa. "Mpe, analia," akasema, akainuka kwenda jikoni. Nikasikia ndoo ya mchele inafunguliwa, na kopo likichota, mara tatu.